Usiseme Hakuna, Sema Sioni

Kabla hajasoma picha ya mtu yeyote, Daktari alikuwa anazima taa, anavuta pazia, halafu anakaa kitini bila kufanya lolote. Nje benchi limejaa wagonjwa. Mimi nimeshapiga eksirei zao, nimeshazituma kwenye kompyuta yake, na kila nikitokeza kichwa naulizwa majibu yako wapi. Yeye amekaa gizani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Mara ya kwanza nilidhani anasali, nikafunga mlango polepole nikaondoka. Baadaye nikajua alikuwa anayapa macho nafasi ya kuzoea giza. Mtu akitoka kwenye jua la Busia akaketi moja kwa moja mbele ya skrini, aliniambia, kuna vivuli vingi asivyoviona, na ubaya ni kwamba hajui kuwa haoni.

Nikamuuliza, "Na mgonjwa anayengoja?"

"Anangoja nione," akasema. "Hangoji nimalize."

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya binafsi, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo mpakani. Mimi nilikuwa mpiga eksirei, yeye ndiye daktari wa kusoma picha. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na nikisema kweli, katika miaka hiyo hakuna mtu aliyenichosha kama yeye.

Chukua mambo ya koti. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye hospitali, alikuwa ametushonea wote makoti meupe, yameandikwa jina la hospitali kifuani kwa uzi wa kijani. Alijivunia makoti hayo. Daktari akakataza koti jeupe lisiingie chumba chake. Alisema weupe wa koti unajipiga kwenye kioo cha skrini, na pale unapojipiga pafu la mtu linafunikwa. Basi nikiwa kwenye korido lazima nivae koti, Mkurugenzi asinione bila, na nikifika mlangoni mwa Daktari lazima nilivue, nilitundike msumarini, niingie na blauzi ya buluu iliyokolea. Nikitoka, navaa tena. Siku nzima ni kuvua na kuvaa. Siku moja nilichoka nikaingia nalo. Hakunigombeza. Aliinuka, akaniambia nikae kwenye kiti chake, akasimama nyuma yangu na koti lake mwenyewe jeupe ambalo halikuwahi kuvaliwa, akaniuliza naona nini. Nikaona picha ya kifua, na juu ya kifua kivuli cha mtu aliyesimama kama mzimu. Akalikunja koti. Mzimu ukaondoka, na mahali ulipokuwa nikaona ufa kwenye ubavu wa mgonjwa.

Angenigombeza ningefurahi zaidi. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa linaudhi. Mtu anayefoka unaweza kumfokea pia.

Pazia lake lilikuwa turubai ya lori. Alienda mwenyewe hadi Malaba, kule malori yanakopanga foleni ya kuvuka, akampata fundi anayeshona maturubai akamkatia kipande kizito cha rangi ya matope. Likaning'inia dirishani kwa waya. Lilinuka mafuta na vumbi miezi mingi, na chumba kikawa joto kama tanuri la mkate. Mkurugenzi alipolikuta aliuliza ni nani aliyegeuza hospitali yake kuwa gereji. Daktari alijibu kwa adabu kwamba mwanga wa dirisha ulikuwa unaua skrini, na akimletea pazia zuri lenye uzito huo atashukuru. Halikuletwa. Turubai likabaki.

Asubuhi ilikuwa na ibada yake. Alifungua kwanza picha isiyo ya mgonjwa, picha ya majaribio, yenye miraba iliyopangwa kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa. Ndani ya mraba mweusi kulikuwa na kimraba kingine kidogo, cheusi pia, ila kimepungua weusi kidogo sana. Ndani ya mweupe vilevile, kimraba kilichopungua weupe kwa tone tu. Skrini isiyo na hitilafu inavionyesha vyote viwili. Skrini ikizeeka, vile vidogo vinamezwa, na vinamezwa kimyakimya, hakuna taa inayowaka kukuonya. Baada ya hapo alitoa kipimo chake cha mwanga, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni alichojinunulia, akakibandika kwenye kioo, katikati kisha pembeni, akatazama namba na kuguna. Sikuwahi kumsikia akifurahia namba.

Aliwahi kunieleza kwa nini anajisumbua. "Ugonjwa haukai kwenye nyeusi na nyeupe, dada. Hapo hata mlinzi wa geti angeuona. Ugonjwa unakaa kati ya kijivu na kijivu mwenzake."

Na ripoti zake! Kila daktari alitaka kuandikiwa hakuna tatizo, mgonjwa aende zake. Yeye aliandika "sioni tatizo". Walimrudishia. Daktari kijana wa wodi alikuja mara nyingi mlangoni, ananung'unika kwamba mgonjwa anataka kujua kama yuko mzima, hataki mashairi. Jibu la Daktari halikubadilika. "Usiseme hakuna, sema sioni. Hakuna ni neno la Mungu." Yule kijana aliondoka akitikisa kichwa, na mimi nikabaki kumfariji, huku moyoni nikikubaliana naye.

Lakini mtu huyu huyu, ukimkuta Jumamosi, hungeamini. Alikuwa mpenzi wa mpira kupita kiasi. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha mabati chenye runinga iliyochakaa, upande mmoja rangi imekuwa zambarau, na mpira ukipigwa unaonekana miwili, wa kweli na kivuli chake. Kulikuwa na sehemu nyingine nzuri za kutazama. Yeye alienda pale pale, akaketi nyuma kabisa, na akabishana kwa uhakika kwamba ile haikuwa penalti. Nilimkuta huko siku moja nikamwuliza vipimo vyake viko wapi. Akasema goli likimponyoka hakuna mtu atakayekufa. Akageukia runinga yake ya zambarau.

Maduka ya runinga yalimkera, hata hivyo. Tukitoka kazini alipita kwa mfanyabiashara mmoja mjini, mtu waliyekuwa wakisali naye Ijumaa, aliyewasha runinga zake zote mchana kutwa, maua mekundu, samaki wa manjano, nyasi za kijani kisichopatikana duniani. Daktari alisimama mbele ya runinga hizo amekunja uso. Mwenye duka akimwuliza anatafuta ipi amshushie, akasema anatafuta inayoonyesha kijivu vizuri. Yule bwana aliicheka habari hiyo mwaka mzima. Kila nikipita ananiuliza kama daktari wetu ameshapata kijivu chake.

Kicheko kikaisha siku skrini yetu ilipokufa. Ilikuwa skrini ya kitabibu, ya kusomea eksirei, iliyokuja na mashine ya kwanza hospitali ilipofunguliwa. Tulikuwa tumeona dalili. Daktari alishaenda kwa Mkurugenzi mara kadhaa kumwambia mwanga wake unashuka, na kila mara akaambiwa iko kwenye mpango. Asubuhi moja iligeuka rangi ya chai ya maziwa, ikazima, haikuwaka tena. Kufikia saa sita tulikuwa tumeletewa nyingine kutoka ofisi ya uhasibu. Skrini ya kuandikia barua. Nilipomfungulia Daktari picha ya majaribio juu yake, kimraba cheusi hakikuwepo. Cheupe hakikuwepo. Alisogea kulia, akasogea kushoto, akainama, akainuka. Kila akisogea picha inabadilika rangi kama kitambaa cha hariri.

"Hii ni ya kuandikia barua," akasema.

Nikamwambia wamesema ni ya muda tu. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mimi mwenyewe, nikaamini.

Wiki hiyo hiyo pale mapokezi pakafungwa runinga mpya, pana kama mlango, kuonyesha matangazo ya hospitali na video za mtoto akipewa chanjo huku anacheka. Daktari aliitazama, akaenda chumbani, akarudi na kipimo chake cha mwanga, akaomba kiti, akapanda mbele ya wagonjwa wote, akaipima. Akashuka akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi kumweleza kwamba runinga ya matangazo ina mwanga mwingi kuliko skrini ambayo watu wanasomewa mapafu. Mkurugenzi alimsikiliza, akasema, "Hiyo ni ya wateja, Daktari."

Nataka nimtendee haki Mkurugenzi. Si mtu mbaya, na hilo linaniumiza zaidi. Mama akija na mtoto aliyevunjika mkono na hana kitu, aliagiza atibiwe kwanza. Alijua majina ya wafagiaji na ya watoto wao. Ila alikuwa mtu wa duka kabla ya kuwa mtu wa hospitali, na katika duka kitu kikiwaka kinafanya kazi. Skrini ilikuwa inawaka. Picha ilikuwa inaonekana. Huyu mzee analia nini?

Akaanza kusema ni macho. Hakumwambia uso kwa uso mwanzoni; alituambia sisi. Kwamba umri umesonga, kwamba labda Daktari anahitaji miwani mipya wala si skrini mpya. Maneno yalipomfikia, Daktari hakukasirika. Alienda Kisumu akapimwa macho, akarudi na majibu kwamba yako sawa kwa mtu wa umri wake, akamwekea Mkurugenzi karatasi mezani. Mkurugenzi akasema, "Sawa kwa umri wako, Daktari. Hiyo ndiyo nasema."

Basi Daktari akaamua kutupima sisi wote. Alichukua picha za zamani ambazo majibu yake yalikuwa yameshathibitishwa kwa upasuaji au kwa matibabu, zenye ugonjwa na zisizo na ugonjwa, akazichanganya. Akaazima kutoka kwa rafiki yake wa Kisumu skrini ya kitabibu kwa muda. Akatukalisha, mimi, yule daktari kijana wa wodi, na yeye mwenyewe, tusome zote kwenye skrini ya barua. Halafu baada ya siku nyingi, tukiwa tumezisahau, atuchanganyie tena tuzisome kwenye skrini nzuri. Nililalamika. Nilikuwa na kazi zangu, na aliniweka gizani baada ya saa za kazi macho yakiwasha. Daktari kijana alikuja kwa majivuno. Huyo alikuwa anaweza kusoma bango la hoteli ng'ambo ya pili, upande wa Uganda, akiwa amesimama huku kwetu.

Kwenye skrini nzuri tulifanya vizuri sote, yule kijana akitupita. Kwenye skrini ya barua tulianguka sote, na yeye akaanguka vibaya zaidi, kwa sababu alijiamini. Aliandika hakuna, hakuna, hakuna. Daktari akamwonyesha makosa yake, moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo na yeye akawa anaandika sioni.

Niliona huo ndio mwisho wa ubishi. Tuliingia kwa Mkurugenzi watatu, na aliyeongea sana alikuwa yule kijana, si Daktari. Alieleza vizuri, akaonyesha ni wagonjwa gani tungewapoteza. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana kabisa, akatupa soda. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia damu ikipanda.

"Lakini wagonjwa hawajalalamika."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anatueleza alichokiona. Skrini ya kuazima ikarudi kwa wenyewe Kisumu, na sisi tukarudi kwenye ile ya barua.

Sasa, hasira yangu kwa Daktari inaanzia hapa. Aliendelea kusoma. Mtu aliyejua kuliko yeyote kwamba haoni, kila asubuhi alipima, aliguna, alikaa gizani, kisha akasoma. Nilimwuliza kwa nini asikatae. Akasema akikataa, picha zitasomwa na mtu asiyejua hata kwamba skrini ni mbovu, na yeye angalau anajua pa kutilia shaka. Wagonjwa ambao picha zao zilimtia shaka kubwa aliwaelekeza wakapigwe picha kwingine. Lilikuwa jibu lenye akili. Niliporudi nyumbani nililigeuza hivi na hivi nikalikubali. Lakini mtu anajua pa kutilia shaka pale tu anapoona cha kutilia shaka.

Dereva mmoja wa trela alikuja kipindi hicho. Alikuwa mtu wa Marachi, upande wa Butula, anaendesha trela kutoka Mombasa kwenda Kampala, mtu mnene wa mabega, mcheshi. Alikuwa amekwama Malaba kwenye foleni, kikohozi kikamzidi, mwenzake akamwambia aende Busia akapigwe picha. Nilimpiga mimi. Aliniambia nimpige vizuri, upande wake mzuri ni wa kushoto. Daktari aliisoma picha, akaandika haoni tatizo kwenye mapafu, arudi kikohozi kisipopoa. Dereva akapewa dawa ya kikohozi akaondoka na trela lake.

Hakurudi upesi. Aliporudi ilikuwa imepita miezi, na sikumtambua mpaka aliposema lile la upande wa kushoto. Shati lilikuwa linamning'inia. Picha ya pili haikuhitaji skrini nzuri. Kwenye pafu la kulia, juu, nyuma ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, kulikuwa na uvimbe ambao hata mlinzi wa geti angeuona.

Daktari akafungua picha ya kwanza, akaiweka kando ya ya pili. Alikuwa sasa anajua mahali hasa pa kutazama. Alitazama pale. Aliongeza mwanga, akapunguza, akakuza, akageuza nyeusi kuwa nyeupe. Akaniita nami nitazame. Hakukuwa na kitu. Akanakili picha hiyo tukaenda nayo Kisumu, kwa rafiki yake, na huko akaomba taa zizimwe. Akakaa kama kawaida yake, akingoja macho. Picha ilipofunguka sikuhitaji kuonyeshwa. Kilikuwa pale, kivimbe cha ukubwa wa punje ya mahindi, kimejificha nusu nyuma ya mfupa, kimetulia.

Rafiki yake alianza kusema kwamba kwa skrini ile yetu hakuna ambaye angekiona. Daktari akainua mkono kumzuia. Tukarudi Busia.

Mkurugenzi alipoelezwa aliogopa, nilimwona akiogopa. Alimwomba Daktari, akimwita mzee wangu, amwambie dereva kwamba ugonjwa wa aina hiyo hukua haraka, jambo ambalo si uongo, na amsaidie kupata matibabu mazuri, na la picha ya kwanza liachwe. Nami, kwa siri, nilitaka vivyo hivyo. Niliwaza dereva atapata faida gani kujua. Niliwaza pia sisi tutabaki na nani.

Daktari alimwita dereva na mke wake chumbani, akawasha taa, jambo ambalo hakuzoea kulifanya, na akaniomba nibaki kwa sababu mimi ndiye niliyempiga picha. Akamwambia ana uvimbe kwenye pafu na lazima atibiwe upesi. Akaacha habari hiyo imwingie. Kisha akasema, "Picha ya kwanza ilikuwa nao. Ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyeisoma, na sikuuona."

Mke alishika ukingo wa meza. Dereva aliuliza imekuwaje. Ndipo Daktari akamweleza habari ya skrini, kwa maneno rahisi, kwamba ilikuwa hafifu, haitofautishi vivuli vilivyokaribiana, na kwamba huko Kisumu kwenye skrini nzuri uvimbe ulionekana. Dereva alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua ucheshi wote ulikuwa umeondoka usoni.

"Daktari, mimi nikiwa kwa barabara, kioo ya trela ikuwe chafu, halafu nigonge mtu. Nitaambia watu wake ni kioo?"

"Hapana."

"Nitaambia wao nini?"

Daktari akasema, "Utawaambia kwamba ulijua kioo ni kichafu na ukaendelea kuendesha."

Dereva akasimama, akamshika mke wake mkono wakatoka. Hakubamiza mlango. Daktari alibaki amekaa chini ya taa. Kesho yake alimwambia Mkurugenzi kwamba hatasoma tena picha kwenye skrini ile, hata moja. Mkurugenzi akasema basi wote wawili wanajua maana yake. Na ikawa hivyo. Aliondoka na kipimo chake mfukoni, bila chai ya kuagana, bila hotuba. Nilimkasirikia miezi. Nilikasirika kwa sababu alikataa akiwa amechelewa, na kwa sababu alikataa kabisa. Vyote viwili kwa pamoja, na sikujua nimwambie nani.

Baada yake picha zetu zikawa zinatumwa mbali kwa mtandao, zinasomwa na mtu ambaye sijawahi kumwona, kwenye skrini nisiyoijua, labda kwenye simu, labda ndani ya gari. Ripoti zinarudi haraka ajabu. Zote zinasema hakuna.

Nilikutana naye mwaka huu. Nilikuwa Bumala kando ya barabara, natafuta usafiri wa kwenda Kisumu, gari dogo la kijivu likasimama. Yeye alikuwa kwenye usukani. Alikuwa amekonda kidogo, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Akaniambia niingie, anaelekea huko huko. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, na nyuma wamekaa watu wawili wamebanana upande mmoja. Niligeuka kuwasalimia, nikamkuta dereva na mke wake.

Dereva aliitikia salamu yangu. Alikuwa amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali, na mikono yake mikubwa ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Tulipofika Ugunja Daktari alisimama kununua maji. Mimi na mke tukashuka kununua ndizi, na pale kwenye meza ya ndizi akanieleza. Tangu matibabu yaanze Kisumu, ni Daktari anayewapeleka na kuwarudisha, kila mara. Alikuja nyumbani Marachi mwenyewe kuomba. Mume wake alikataa, akakataa tena, mpaka siku aliposhindwa kutembea kufika barabarani.

"Lakini hajawahi kumwongelesha, dada. Hata kiti ya mbele hataki. Tukifika anashuka tu, anasema asante kwa gari. Kwa gari, si kwa mwenye gari."

Nilimwuliza huyo mke, yeye Daktari anasemaje. Akasema hasemi kitu. Anangoja chini hospitalini mpaka wamalize.

Tuliporudi garini nikatafuta la kusema, na kwa ujinga wangu nikasema lile lililokuwa juu ya ulimi. Nikamwambia Daktari kwamba skrini imenunuliwa. Wakaguzi walipita, Mkurugenzi akaagiza skrini ya kitabibu, mpya, nzuri. Imewekwa chumba kile kile, ila turubai limetupwa na dirisha limewekwa kioo kipana ili wageni waione. Hakuna anayeipima. Sikuwa nimefika mwisho wa sentensi nilipokumbuka ni nani amekaa nyuma yangu.

Daktari alitazama barabara. Nilitaka kuomba msamaha nikaona nitazidisha, nikashikilia mfuko wa ndizi. Tulipita soko, tukapita shule, watoto wanavuka. Nilifikiri, tazama sasa, ilikuwa rahisi hivyo. Kitu kilichoombwa kwa miaka kilifika kwa gari la mizigo siku ya kawaida tu, mtu akatia sahihi, wakakifungua kwenye boksi.

Tulipovuka daraja la Yala barabara ikaanza kupanda. Mbele yetu kulikuwa na lori la miwa, nasi tukapunguza mwendo nyuma yake. Gari likaanza kutetemeka na kunguruma, linavutika kwa shida. Daktari alikanyaga mafuta zaidi, likatetemeka zaidi. Nikasikia kiti cha nyuma kikilia, mtu anajisogeza mbele taratibu, kwa taabu. Halafu sauti ya dereva, ndogo, imekwaruzika, ikatokea katikati ya viti vyetu.

"Daktari. Rudisha gia mbili. Utaua injini."

Mke wake alimgeukia. Mimi sikuthubutu. Daktari alikanyaga klachi, akarudisha gia, na mngurumo ukashuka.

"Sasa wacha ivute," dereva akasema. "Usiisukume. Wacha ivute yenyewe."

Daktari akashika usukani kwa mikono miwili, akaacha gari livute.